Mgeni wa Kila Mtu

Mwaka ule ziwa lilipofungwa, Ujiji ilinyamaza kama nyumba iliyotoka kuzika. Miezi mitatu wavu usiguse maji, serikali imesema, samaki wapumue na kuzaa. Samaki wakapumua kweli. Watu ndio waliokatikwa pumzi. Mitumbwi ilipinduliwa mchangani, matumbo juu. Vichanja vya kuanikia dagaa vikabaki miti mitupu. Hata mwewe, waliozoea kuiba mbele ya macho ya wenyewe, walizunguka siku mbili tatu, wakaona hakuna cha kuiba, wakahama.

Vijana hawakuwa na pa kuhamia. Wavulana waliokuwa wakivuta nyavu na wasichana waliokuwa wakianika dagaa walikaa vijiweni toka jua linachomoza mpaka linazama, wakitazamana. Mtu mzima akipita anaguna, anaharakisha hatua. Kijana asiye na la kufanya ni kama jiko la makaa lililosahauliwa mlangoni: si lazima liunguze nyumba, lakini hulali.

Ndipo akaja Anatoli.

Siku aliyokuja hakuna anayeikumbuka. Jana hakuwepo, leo yupo, na kesho yake ikawa kama amekuwepo siku zote. Mtu wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe limepigwa pasi, sauti ya chini hadi umwinamie ndipo umsikie. Wazee aliwaamkia kwa mikono miwili. Jina la mtoto akilisikia mara moja halisahau. Akaanzisha kikundi, akakiita Wimbi Jipya, na vijana wakamfuata kama vifaranga. Asubuhi wanakimbia ufukweni, wakitoka hapo wanafagia soko, halafu wanakaa kwenye ghala la nyavu la Mzee Hamdani wanafundishwa kuongea mbele za watu, kuendesha kikao, kuandika muhtasari. Haukupita mwezi vijiwe vikawa vitupu. Wazazi wakashusha mabega. Wakasema Mungu hamtupi mja wake.

Honorata alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kuliko wengine.

Alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kipo barazani pa nyumba, hatua chache kutoka njia iteremkayo ziwani. Miaka ishirini na minane, mume wake Erasto, mtoto wao Bariki wa miaka mitatu, na mdogo wake Happiness, ambaye mama yao alimwachia mikononi alipofariki. Hapi, kama alivyomwita, alikuwa na miaka kumi na tatu siku ya msiba. Tangu hapo akawa anajibu kwa mabega. Umekula? Bega. Shule vipi? Bega. Honorata alijaribu upole, akajaribu ukali, akajaribu kumwombea, akachoka. Unaweza kumlea mtoto kwa chakula na nguo, lakini kumrudishia sauti yake unaitoa wapi?

Wimbi Jipya ndilo lililomrudishia. Walimchagua katibu. Akiwa sasa na miaka kumi na saba, akaingia nyumbani na daftari kubwa kwapani, akakaa kwenye mkeka, akasimulia kikao kizima: nani kasema nini, nani kabisha, nani kachekesha. Akacheka mwenyewe hadi ugali ukampalia. Honorata alijifanya anakwenda kutazama maji jikoni. Alilia huko, kwa furaha, akajifuta kwa upindo wa kitenge, akarudi.

Kwa hiyo mabadiliko yalipoanza hakutaka kuyaona.

Kwanza Hapi aliacha kusimulia. Ukimuuliza, anasema, "Mambo ya kikundi yanabaki kikundini." Halafu akaanza kuamka kabla ya wote, anakaa mkekani ameunyoosha mgongo, ananong'ona maneno Honorata asiyoyajua. Siku moja Bariki alianguka kizingitini, akalia, akamkimbilia mama yake mdogo kama kawaida yake. Hapi alimtazama tu. "Kiongozi anasema machozi ni kujipenda," alimwambia mtoto wa miaka mitatu. Bariki akanyamaza kwa mshangao, mdomo wazi.

Na kuna kitu kingine kilichomkera Honorata bila kujua kwa nini. Anatoli alikuwa hali chakula cha mtu. Ukimkaribisha anakaa, anasifu harufu ya samaki wakavu, migebuka ya akiba, anacheka na watoto, anaaga. Miezi miwili Ujiji, na hakuna nyumba iliyomwona akitafuna.

Jumatano Hapi alileta karatasi. "Weka sahihi hapo chini, Dada. Wenzangu wote wameshawekewa."

Honorata aliisoma amesimama, futi shingoni. Kambi ya vijana, wiki sita, kuondoka Jumamosi saa nne kwa boti. Mafunzo, na baada ya mafunzo kazi. Simu zinabaki nyumbani. Mzazi hatafuata wala kutuma mtu. Mbele ya neno "mahali" kulikuwa na nukta nyingi zimepangwa mstari, na juu ya nukta hakuna kitu.

"Iko wapi kambi yenyewe?"

"Kusini."

"Kusini ndiyo wapi? Kusini kuna Ilagala, na baada ya Ilagala kuna ziwa zima mpaka Zambia."

"Tutaambiwa tukishakuwa majini. Ni zoezi la kuaminiana." Hapi alisema hivyo kwa macho maangavu, kama mtu anayetoa jibu la mtihani aliloshinda akilikariri. "Dada, usiniaibishe. Mimi ni katibu."

Honorata hakuweka sahihi. Hakukataa pia. Alisema cherehani imekwama uzi, aachiwe kwanza.

Jioni Erasto alipiga simu kutoka Kidahwe, alikokwenda kukamua mawese kwa mjomba wake mpaka ziwa lifunguliwe. Aliuliza Bariki anakohoa bado, akauliza mvua, kisha akaambiwa habari ya kambi.

"Huyo Anatoli ni wa kwa nani?"

"Ni yule wa Wimbi Jipya, si nilikuambia?"

"Mama Bariki, nimekuuliza mtu, unanijibu kikundi. Wa kwa nani? Ametokea wapi, kafikia kwa nani, nani alimleta?"

Honorata alifungua mdomo kumjibu. Ilikuwa kama kupeleka mguu kwenye ngazi usiku ukakuta ngazi haipo.

"Watakuwa wanajua wazee," alisema.

"Waulize basi," alisema Erasto. "Waulize kabla ya Jumamosi."

*

Alhamisi alianzia kwa Dismasi, katekista, baba yake Meshack, mmoja wa vijana wa Wimbi Jipya. Alimkuta uani kwake akipigilia mguu wa benchi la kanisa.

"Mwidiwe, Baba Meshack," alimwamkia kwa Kiha.

"Mwidiwe! Karibu, fundi. Umekuja kunisaidia nyundo?"

"Nimekuja kuuliza. Huyu kaka yetu Anatoli, ni mtu wa parokia?"

Dismasi alicheka. "Angekuwa wa parokia ningemkabidhi kwaya, maana hawa wangu wanaimba kama bata. Hapana. Yule aliletwa na Mzee Hamdani. Nani mwingine? Balozi wetu wa nyumba kumi, ghala lake, ufunguo wake. Mzee Hamdani hampi mtu ufunguo bila kumpekua hadi meno."

"Wewe ulimuuliza Mzee?"

"Nimuulize balozi kama amefanya kazi yake? Mama Bariki, hiyo si adabu." Akarudi kwenye msumari wake. Alipiga mara mbili, akasita, nyundo hewani. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Naulizia tu."

Mzee Hamdani alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya ghala lake, tasbihi mkononi. Binti yake wa mwisho, Shadia, naye alikuwa Wimbi Jipya. Ndani ya ghala kulikuwa na msichana mwingine wa kikundi anafagia: Inamahoro, mtoto wa Kirundi wa miaka kumi na sita, aliyekuja na mjomba wake Nyabenda kulima vibarua. Mjomba alikwenda kutafuta kazi mbele, asirudi. Binti alikuwa akilala nyuma ya mashine ya kusaga na kupepeta mahindi ya watu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Bariki hajambo?"

"Hajambo. Mzee, nina swali, usilione baya. Anatoli alikuja kwako na barua? Au na mtu?"

"Kwangu?" Mzee Hamdani alimtazama kama aliyechelewa kusikia. "Alikuja amefuatana na vijana, Meshack wa katekista akiwa mbele. Nikajua wa kanisani wameshamkubali. Na unajua kwetu mgeni haulizwi siku ya kwanza, ni kama kumfukuza. Ya pili unamwacha apumzike. Ya tatu unajua mwenzako ameshamuuliza."

"Baba Meshack anasema wewe ndiye uliyemleta."

"Mimi!" Mzee alicheka kidogo, kicheko hakikufika mbali. "Mimi ufunguo nilimnyima mara ya kwanza, Mungu shahidi. Nikamwambia ngoja nifikiri. Wiki iliyofuata nikawaona vijana wote wanapita hapa wamevaa fulana mpya, za bluu, maandishi yake safi. Nikamuuliza Shadia nani kashona. Akasema Dada Honorata. Basi nikatulia. Nikasema Honorata si mtu wa kumshonea asiyemjua, na mdogo wake mwenyewe yumo. Nikampa ufunguo siku ile ile." Akainama mbele, tasbihi imening'inia. "Wewe ulimjulia wapi, binti yangu?"

Ndani ya ghala ufagio nao ulinyamaza.

Honorata alikumbuka. Mtu mlangoni na bando la kitambaa begani, tabasamu, sauti ya chini. *Dada, nimeambiwa wewe ndiye fundi unayeaminika hapa.* Wiki tatu hakuwa amepata kazi. Alichukua vipimo, akashona fulana kumi na nne, na ya kumi na nne aliishona kwa mapenzi kuliko zote kwa sababu ilikuwa ya Hapi. Kumuuliza jina la baba yake? Nani anamuuliza mteja jina la baba yake?

"Simjui, Mzee," alisema.

Upepo haukuwepo. Ziwa lilikuwa limelala kama bati, na kutoka kule chini sauti za vijana zilipanda zikiimba wimbo ule ule, kwa pamoja, bila mmoja kukosea.

*

Ijumaa Anatoli alikuja mwenyewe. Honorata alijua amekuja kabla ya kuinua kichwa, kwa sababu mwanga uliondoka kwenye kitambaa alichokuwa anashona.

"Nasikia unaniulizia, dada." Alikuwa amesimama katikati ya mlango.

"Ndiyo."

"Ungeniuliza mimi. Kuuliza pembeni kunaharibu watoto. Wanaanza kuwa na wasiwasi, na mtoto mwenye wasiwasi hafundishiki."

"Haya, nakuuliza wewe." Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali ya cherehani. "Wewe ni wa kwa nani?"

Anatoli alitabasamu kwa huruma, kama daktari. "Mimi ni mgeni wa kila mtu. Si ndivyo mlivyonipokea?" Kisha akachuchumaa pale Bariki alipokuwa anacheza na vipande vya vitambaa. "Bariki Erasto," alisema taratibu, jina na la baba. "Mkono imara huu. Akikua na huyu tutamchukua."

Alinyanyuka, akaaga vizuri, akaenda zake. Honorata alimbeba mtoto, akagundua kwamba anamkumbatia hadi analalamika.

Jioni hiyo alimwambia Hapi yote, bila kuzunguka. Alimwambia kuhusu katekista, kuhusu balozi, kuhusu kitambaa. "Hakuna anayemjua, Hapi. Kila mtu alimwegemea mwenzake, na mwisho wa mstari nimesimama mimi. Mimi ndiye niliyemleta."

Hapi alimsikiliza mgongo umenyooka. "Alituambia utasema hivyo," alijibu.

"Nani?"

"Kiongozi. Alisema wiki ya mwisho, anayekupenda vibaya ndiye atakayekushika mguu. Alisema usibishane naye, mwache aseme." Halafu sauti ikakatika, ikatoka ile ya zamani, ya mtoto. "Dada, miaka minne nimekaa humu nakata nyuzi zako. Hukuwahi kuniuliza ninafikiri nini. Wao waliniuliza siku ya kwanza! Unataka nirudi kwenye kukata nyuzi?"

Neno hilo lilimwingia Honorata mahali pasipo na mfupa. Angeweza kufunga mlango kwa kufuli. Alilifikiria kufuli, akalishika hata, akaliweka chini. Ukimfungia mtu wa miaka kumi na saba umefunga mwili. Mengine yote yametangulia botini.

"Nakuuliza leo," alisema. "Nimechelewa, lakini nakuuliza. Unafikiri nini?"

Hapi alijifunika shuka. Asubuhi alipoamka Honorata, mkeka wa mdogo wake ulikuwa umekunjwa, na simu yake ipo juu ya cherehani, imezimwa.

*

Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, rangi imebanduka, jina lilikokuwa limeandikwa ubavuni limepakwa rangi nyeusi juu. Nahodha alikuwa mtu wasiyemfahamu, hakumwamkia mtu. Vijana kumi na nne walikuwa wameshapanda na fulana zao za bluu, wamekaa wawili wawili, mikono magotini. Wazazi walisimama mchangani na vifurushi vya mihogo ambavyo havikupokelewa, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Honorata alifika anahema, Bariki mgongoni. Hakumsogelea Anatoli. Alikwenda kwa wazee.

"Mzee Hamdani. Umewaambia?"

"Si hapa, binti yangu," alinong'ona mzee. "Mbele za watoto? Ni aibu."

"Aibu ni yangu, nitaisema mimi." Akageuka, akapaza sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. "Jamani! Mimi ndiye niliyeshona hizo fulana. Wengine mliniona mimi mkatulia. Sasa nasema: huyu mtu simjui. Alikuja na kitambaa, nikashona. Jina la baba yake silijui, kwao sikujui, na huko anakowapeleka watoto sikujui. Kama kuna anayemjua hapa aseme, nitamwomba msamaha kwa magoti."

"Mimi nilijua ni Mzee Hamdani," alisema Dismasi polepole.

"Na mimi nilijua ni ninyi wa kanisani," alisema Mzee Hamdani.

"Mie nilimwona anawaamkia nyie wote," alisema mama mmoja huku amekumbatia kifurushi chake. "Nikajua si mtu wa mchezo."

Anatoli alikuwa amesimama ndani ya boti, mkono kwenye mlingoti wa turubai. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Honorata baridi. "Wazazi wangu," alisema, "mnaona? Nilisema kutakuwa na jaribu la mwisho. Asiye tayari abaki. Katibu, soma majina tuondoke."

Hapi alisimama. Alifungua daftari lake kubwa, akatazama ukurasa, na hakusoma.

"Kaka Anatoli," alisema mwishowe. "Ulinifundisha kwamba orodha isiyokamilika haisomwi. Hapa kila mtu ana jina lake na anakotoka. La kwako halipo."

"Andika Anatoli."

"Anatoli nani?"

"Hapi," alionya Anatoli.

"Na kambi, niandike kijiji gani? Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu."

"Katibu," alisema Anatoli, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuhitaji kuinamiwa, "kaa chini."

Hapi hakukaa. Alivuta pumzi, akaanza kusoma, ila si vile alivyoagizwa. Alisoma akiwa amewageukia wazazi.

"Meshack wa Dismasi!"

Katekista alishtuka kama aliyeitwa yeye. "Shuka, Meshack," alisema. "Shuka, baba."

Meshack alimtazama kiongozi, akamtazama baba yake, akashuka majini na viatu vyake.

"Shadia wa Hamdani!"

"Njoo, mama. Njoo kwa baba yako."

Hivyo hivyo, jina kwa jina. Kila linapotajwa, mtu mchangani anaitika, na mmoja anaruka. Kuna aliyelia kwa hasira, kuna mvulana aliyetukana, mama yake akaingia maji akamshika sikio. Nahodha alikuwa ameshawasha injini. Hapi alijisoma mwenyewe, "Happiness wa Honorata," akashuka, daftari ameliinua usawa wa uso, akaendelea kusoma akiwa ndani ya maji hadi kifuani. Alipofika jina la kumi na nne alinyamaza.

Kati ya vijana, botini alibaki Inamahoro peke yake. Mbele ya jina lake, pa mzazi, kulikuwa na mstari mtupu.

Mchangani hakuna aliyeitika. Watu walikuwa wamewashika walio wao.

"Unaona?" Anatoli alimwinamia yule binti, akasema kwa ule upole wake wa chini. "Wote wameitwa. Wewe nani wa kukuita? Mimi ndiye mtu wako." Boti ikaanza kurudi nyuma.

Honorata alimfungua Bariki mgongoni, akamtupia Mzee Hamdani mikononi, akaingia ziwani. Maji yalikuwa ya baridi. Kitenge kilimzonga miguuni, akakiacha kiende.

"Ngwino, mwana wanje!" aliita kwa lugha ya binti mwenyewe, njoo, mwanangu. "Hapi, andika! Inamahoro wa Honorata. Andika sasa hivi, asikie!"

Hapi aliandika, daftari limelalia bega la Meshack. "Inamahoro wa Honorata!" alisoma, sauti ikapasuka.

Inamahoro alimtazama mwanamke yule asiye na kitenge, sketi ya ndani imelowa, mikono imenyooshwa. Hakujua kuogelea. Aliruka hivyo hivyo.

*

Walimtoa akikohoa maji. Walipogeuka kuitazama boti, ilikuwa imeshafika mbali, na haikuelekea kusini. Ilikuwa inakata ziwa moja kwa moja kwenda magharibi, ilipo milima ya Kongo, mpaka ikawa nukta. Mzee Hamdani alikaa mchangani na Bariki mapajani mpaka watu walipomwinua.

Walikwenda polisi wote, wazazi na vijana, wakaandikisha. Jina? Anatoli. Anatoli nani? Askari aliuliza mara tatu, kalamu mkononi.

Jumapili kulikuwa na ugomvi ghalani. Dismasi alitaka kikundi kivunjwe, fulana zichomwe. Hapi ndiye aliyesimama. Alisema mkituvunja tutarudi kijiweni, na mwingine atatukuta pale pale. Alisema walichofundishwa kingine kilikuwa kizuri, na ubaya haukuwa kukusanyika. "Ubaya ni kwamba mlitukabidhi mkaenda kulala," alisema, mbele za wazee, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Wakakubaliana: kila kikao mzazi mmoja akae ndani, kwa zamu, hata kama anasinzia. Zamu ya kwanza alipewa Mzee Hamdani. Alisinzia.

Inamahoro alihamia kwa Honorata. Siku mbili alikula amegeukia ukuta. Ya tatu aligeuka.

Alhamisi mchana Honorata alikuwa anawafundisha wote wawili kukata kola simu ilipolia. Ilikuwa Frida, muuza dagaa wa Ilagala, mteja wake wa siku nyingi.

"Mama Bariki wee! Umetutupa. Erasto hajambo? Haya, sikia, sikukalishi. Tuna mgeni hapa, mtu mstaarabu huyo! Anataka kutuanzishia kikundi cha vijana, maana hawa wetu wamekaa tu tangu ziwa lifungwe. Nikamuuliza nani anakujua? Akasema Ujiji yote wananijua, mpigieni fundi Honorata. Nikasema kama ni Honorata, yameisha. Nimemkalisha barazani hapa."

Mkasi wa Hapi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Yupo hapo sasa hivi?" aliuliza Honorata.

"Yupo, anakusikia. Nimeweka sauti kubwa ili mwamkiane."

Kulikuwa na pumzi ya mtu kwenye simu, tulivu, isiyo na haraka. Kisha ile sauti ya chini, ambayo lazima uinamie: "Dada Honorata. Mwambie tu tunafahamiana."

Honorata alitazama wale mabinti wawili. Alivuta kiti, akakaa, akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Frida," alisema, "acha hivyo hivyo sauti kubwa. Waite majirani zako waje, wote, hata walio shambani. Nitasubiri. Sikati."